Mwalimu wa Vyakula Aliyekosa la Kula

Ukitaja Bibi Maendeleo huku Kanazi, Bukoba, watu wa rika langu hawaulizi unamsema yupi. Walikuja wengine baada yake, tena wenye vyeti na gari la ofisi, lakini hao tunawaita kwa majina yao. Huyu wa kwanza cheo kilimmeza. Mimi nililijua jina lake la ubatizo, na siku moja nilipojaribu kumwita nalo, aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Kwetu ukianza na ukoo hutoki. Ninachotaka kueleza ni yeye mwenyewe, na hasa jambo moja linalonichanganya mpaka leo: ilikuwaje mwanamke aliyetufundisha kula, tarafa nzima, akafika mahali akawa hana la kutia mdomoni. Si kwamba chakula hakikuwepo. Kilikuwepo. Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka mingi, na kila nikidhani nimelishika, linaniponyoka.

Nianze na jikoni, maana ndiko alikoanzia yeye. Wengine walipiga hodi barazani. Bibi Maendeleo alikuja moja kwa moja jikoni. Baiskeli aliiegemeza kwenye mgomba wa kwanza aliokutana nao, akasalimia, "Hamjambo humu, waitu?" yaani ndugu zetu, na kabla hujamjibu alikuwa ameshafunua majani ya mgomba kwenye sufuria yako. Mvuke ulimjaa usoni, miwani ikaingia ukungu, naye akauliza swali lake lile lile: "Zina nini?" Maana yake, ndizi zako umezipika na nini. Ukisema maharage, alifunika taratibu. Ukisema chumvi, alifunika kwa hasira na kukukalisha chini.

"Ndizi ni godoro," alisema. "Nani hapa analala kwenye godoro tupu?"

Mzee mmoja jirani yetu alimjibu kwamba babu zake wote walilala kwenye godoro tupu na walizaa vizuri tu. Bibi Maendeleo alicheka kuliko sisi sote, kisha akamuuliza wangapi kati ya watoto wao walifika kuota meno ya pili na wangapi walifika kuoa. Yule mzee aliondoka. Kesho yake mkewe alipika ndizi na njugu mawe, na inasemekana mzee alikula akiwa ametazama ukutani.

Alikuwa na chati ya kitambaa kigumu, aliyopewa kozini, yenye picha za vyakula vya aina tatu: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Aliitundika kwenye mti wowote na kutuita wanawake tukae. Shida ni kwamba aliyeichora hakuwahi kufika Bukoba. Palikuwa na tunda jekundu ambalo hakuna aliyelijua, na kipande cha kitu cha njano chenye matundu ambacho sisi tuliafikiana kwamba ni sabuni ya kipande iliyoliwa na panya. "Hicho kirukeni," alisema kila mara fimbo yake ilipokifikia. Ndizi haikuwepo kabisa. Aliichora mwenyewe pembeni kwa kalamu ya wino, mkungu mzima, na ikawa ndiyo picha kubwa kuliko zote.

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka Muleba ni yai. Wasiojua mila zetu za zamani watashangaa. Mwanamke mwenye heshima zake hakula yai, hakula kuku, hakula senene. Senene tuliwakamata sisi alfajiri, tukawanyonyoa miguu na mbawa, tukawakaanga mpaka harufu ikajaa nyumba, halafu tukawapelekea wanaume na kumeza mate. Hatukuuliza. Tuliona ni jambo la kawaida kama kufunga kitambaa kichwani.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule, na yeye alisimama mbele ya wanaume na wanawake, akatoa yai la kuchemsha mfukoni, akalimenya polepole. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi karibu nami, alijifunika uso kwa kanga. Bibi Maendeleo aliuma, akatafuna, akatutazama. Tulikuwa tunangoja aanguke. Badala yake akasema, "Nani ana chumvi?"

Nilianza kula mayai mwezi ule. Nilikuwa na mimba ya Koku, na mume wangu, ambaye baadaye alikuja kuwa balozi wa nyumba kumi, alijifanya haoni. Mama mkwe aliona. Tangu siku ile hakula tena kwenye sahani zangu.

Usidhani huyu mwanamke alikuwa malaika wa lishe. Alituhimiza tunywe maziwa naye maziwa yalimtia kichefuchefu. Samaki alimla tu kama amekatwa kichwa, kwa sababu hakupenda kutazamwa wakati wa kula. Chai yake ilikuwa na sukari nyingi mpaka kijiko kilisita kuzunguka. Mara ngapi nimemkuta mchana, baada ya kutuhubiria mboga asubuhi nzima, amekaa na kikombe cha chai na ndizi moja ya kuchoma! Nikamwambia, "Bibi Maendeleo, hilo ni godoro tupu." Akajibu, "Ninayosema mimi ni ya serikali. Ninayokula ni ya kwangu."

Wakati wa vijiji vya ujamaa alipelekwa Ngenge, ambako watu wengine walihamishiwa na migomba ilikuwa bado haijashika. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi Wahaya kwamba ugali wa mahindi na muhogo ni chakula. Ni kazi ngumu hiyo, ningependa ieleweke. Mtu wa kwetu akila ugali akashiba, bado atakwambia hajala. Nilisikia alisimama pale akaeleza kwa ufasaha hata watu wakapiga makofi. Jumamosi akapanda basi, akaja moja kwa moja kwangu, na kabla hajakaa akasema, "Mama Koku, nipe ndizi. Wiki nzima sijala."

Na alikuwa na neno lake, alilotufundisha mpaka watoto wakaliimba: chakula ni dawa. Na alikuwa na sababu ya kuliamini. Palikuwa na mtoto wa jirani aliyevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu, mganga amekwishasema karogwa. Bibi Maendeleo alimtengenezea uji wa karanga na yai, akaja kila asubuhi kumlisha mwenyewe kwa kijiko, akimtukana yule mtoto kwa upendo alipokataa. Mtoto akapona. Leo ana wajukuu. Siku uvimbe ulipomwisha, Bibi Maendeleo alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ile akalia, halafu akasema, "Mmeona? Chakula ni dawa." Tuliona. Hakuna aliyebisha tena.

Ndiyo maana sijui nimlaumu nani kwa yaliyofuata.

Niligundua pana kitu siku alipoingia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, na sufuria ikachemka mbele yake bila yeye kuigusa. Nikamuuliza, "Unaumwa?" Aliushika mkono wangu akauingiza ndani ya blauzi, upande wa kushoto, pembeni ya titi. Palikuwa na kitu kigumu, kikubwa kuliko tunda la kahawa, kilichokataa kusogea.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Ndiyo maana nakiogopa."

Alikuwa ameshakwenda hospitali ya misheni. Daktari amesema ni saratani ya titi, lazima ikatwe, na ikatwe Mwanza, mapema. Lakini alipompima alikuta damu yake ni haba mno kwa mtu wa kupasuliwa. Akampa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia aende akale, arudi baada ya wiki tatu.

"Nikale!" Bibi Maendeleo alianza kucheka. "Ananiambia mimi nikale!" Kisha akaacha kucheka. "Mama Koku, hakuniambia nile nini. Nilikuwa na aibu kuuliza. Kazi yangu ni ipi?"

Nilimwambia ale kama alivyotufundisha, vyakula vya aina tatu. Alitikisa kichwa. "Chati yangu haina mgonjwa wa saratani," akasema. "Ni ya watu wazima na watoto. Nimeitazama usiku kucha."

Habari ilitoka, sijui kwa mdomo gani. Hapo ndipo walipoanza kumiminika. Walikuja kwa mapenzi, hilo nataka niliseme wazi, na kila mmoja alianza na maneno yale yale: "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba chakula ni dawa." Halafu anatoa dawa yake.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa hajakanyaga nyumbani kwa Bibi Maendeleo hata siku moja, alitembea mpaka pale na fimbo yake. Alisema ni yai. "Mwanamke ameingiza mwilini kitu cha kutaga, sasa kinataga," alisema, na akalielekezea titi fimbo. "Acha mayai, acha kuku, kitakauka." Mganga wa miti shamba kutoka upande wa Rubya alileta majani ya omubilizi, yale machungu, yachemshwe na kunywewa asubuhi na jioni, kwa masharti ya kutogusa nyama, maziwa wala chumvi, maana dawa ingekasirika. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa na gazeti la Kiingereza lililotoka Nairobi. Alitusomea na kutafsiri: ugonjwa huu unapenda sukari na mafuta, ukimnyima mgonjwa sukari na mafuta, ugonjwa unakufa. Mke wa mchungaji alileta kapu la matunda damu kwa sababu ni mekundu, na chekundu huzaa chekundu. Binamu wa Bibi Maendeleo aliyeko Mwanza alituma kwa meli vidonge vya vitamini vya rangi tatu na chupa kubwa ya dawa ya nguvu yenye picha ya mwanamume anayeinua ng'ombe. Mzee wa kanisa alisema afunge kula kabisa, aombe.

Na kila mmoja alikuwa na shahidi. Pana mwanamke wa Kamachumu alikuwa na titi kama jiwe, akanywa hii, kwisha. Pana sista mmoja aliacha ile, kwisha. Nikawa nauliza, huyo mwanamke wa Kamachumu anaitwa nani, tukamtazame? Hakuna aliyejua jina, ila wote walikuwa na uhakika kwamba yupo.

Ungetegemea mtu mwenye elimu yake awasikilize kwa adabu na kuwapuuza. Mimi nilitegemea. Lakini alitii. Alitii wote, kwa zamu, na mwishowe kwa pamoja. Nyumbani kwake paligeuka duka: chupa dirishani, mizizi kwenye beseni, vidonge kwenye kikombe cha chai. Asubuhi omubilizi, mchana vitamini, jioni dawa ya nguvu ya yule mwinua ng'ombe. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa na daktari aliviacha, kwa sababu mganga alisema vitagombana na majani.

Ukumbuke kila mmoja alikuwa amemkataza kitu. Mayai na kuku vimekatazwa. Nyama, maziwa na chumvi vimekatazwa. Sukari na karanga, kwa ajili ya mafuta, vimekatazwa. Maharage alikuja mtu akasema yanavimbisha tumbo, sasa kwa nini yasivimbishe na kingine? Na mwisho kabisa, shoga yangu mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake mzuri akawaza kwa sauti: "Lakini ndizi nazo... mgomba si unatoa machipukizi?" Watu wakatazamana. Hakuna aliyesema ndizo zinazozaa ugonjwa, lakini hakuna aliyesema hapana. Jioni ile Bibi Maendeleo aliacha ndizi.

Mtu wa Bukoba kuacha ndizi! Nilipomwendea alikuwa amekaa kitandani na bakuli la uji wa mtama usio na chumvi wala sukari, umeganda juu. Blauzi ilimning'inia. Nikamwuliza anafanya nini na maisha yake.

"Mama Koku," akasema taratibu, kama anafundisha, "kwenye kibanja cha migomba, chipukizi usilolitaka unalifanyaje?"

"Nalikata."

"Na kama bado hujapata panga?"

Nilifikiri. "Silimwagii samadi."

"Basi," akasema. "Mpaka nifike Mwanza sikimwagii samadi."

Nikaondoka. Njiani nilijiambia: lakini samadi tunaimwaga kwenye shina, na chipukizi na mama yake wana shina moja, sasa anayekufa njaa kwanza ni nani? Nikataka kurudi kumwambia. Halafu nikajiuliza, mimi ninajua nini kuhusu titi? Labda mwilini mambo ni tofauti na kibanjani. Yeye ndiye aliyesoma. Nilisimama pale njiani nikageuka mara mbili, mtu aliyenipita akaniuliza kama nimeangusha kitu.

Wiki tatu zilipokwisha nilimsindikiza hospitali kwa basi la Muleba. Alibeba chupa na mizizi yote kwenye kapu kwa sababu nilimlazimisha. Daktari alimpima damu, akampima tena.

"Imeshuka," alisema. "Umekuwa ukila nini?"

Bibi Maendeleo alisukuma kapu mbele yake. Yule daktari alizipanga chupa mezani moja moja mpaka akakosa nafasi ya kuandikia. Hakukasirika, nadhani ingekuwa afadhali angekasirika. "Mama," akasema, "kivimbe hiki hakifi kwa njaa. Kabla hakijafa, utakuwa umekufa wewe. Hakuna chakula kitakachokiondoa, na hakuna chakula cha kawaida kilichokileta. Kula kila unachoweza kula. Mayai, samaki, maharage, ndizi, mboga. Meza vidonge nilivyokupa. Hivi vingine viweke kando, maana siku ya kupasuliwa baadhi vinaweza kugombana na dawa ya usingizi, au damu ikakataa kuganda. Na ukitaka kuongeza chochote, niulize kwanza." Kisha akasema kwamba atampa wiki nyingine tatu. Zikipita hizo na damu bado iko chini, titi litakuwa limechelewa kukatwa.

Tulitoka. Mimi nilifurahi, nilidhani mambo yamekwisha. Kwenye basi, tulipokaribia nyumbani, alinigeukia.

"Umemsikia anavyozungumza?" akaniuliza. "Kwa uhakika kabisa."

"Si ni daktari?"

"Mganga naye ana uhakika. Mwalimu mkuu ana uhakika na gazeti lake. Mama mkwe wako ana uhakika kuliko wote. Mimi pia nilikuwa na uhakika, miaka yote hii, na fimbo yangu na ile sabuni iliyoliwa na panya." Alitazama nje. "Nitamjuaje mwenye uhakika wa kweli? Wote wanatumia sauti moja."

Ningekuwa na jibu leo ningeliandika hapa. Najua sasa kwamba daktari ndiye aliyekuwa amempima, na wale wengine hawakumpima kitu, lakini siku ile ndani ya basi, kwa mtu anayeogopa kufa, tofauti hiyo haikuonekana.

Alikaa siku nne ndani bila kufungua mlango. Siku ya tano, mchana, nilikuwa nawapakulia watoto ndizi na njugu mawe, na samaki furu wachache niliowapata kwa bahati, akaingia jikoni. Alikuwa amejifunga kanga mbili ili asionekane mwembamba. Akakaa kwenye kigoda. Watoto walimpisha.

"Mama Koku," akasema, "hujanipa ushauri wowote. Kila mtu amenipa, wewe bado. Nile nini?"

Nilishika upawa hewani. Nilitafuta neno la daktari, nikatafuta la chati, nikatafuta hata la mama mkwe. Kichwani palikuwa na kelele kama gulio. "Sijui," nikasema.

"Sema tena?"

"Sijui, waitu! Ningejua si ningekwambia siku ile ya kwanza? Sijui kipi kinakilisha na kipi kinakiua. Ninajua tu umekonda mpaka saa inazunguka mkononi, na kwamba nakuogopea, na sasa hivi nakaribia kulia mbele ya watoto."

Alianza kucheka, cheko lake lile la zamani la kwenye chati, mpaka akajishika mbavu, na watoto wakacheka bila kujua wanachekea nini. "Wiki zote hizi," akasema, "nimezungukwa na watu wanaojua. Wewe ndiye wa kwanza asiyejua." Akanyoosha mkono. "Lete sahani."

Alikula polepole. Alikula samaki mwenye kichwa chake na macho yake. Alipomaliza aliomba tena kidogo, na baada ya hapo alikaa ameshika tumbo, na mimi nikaogopa kwamba nimemuua.

Tangu siku ile alikula kwangu. Hakuchagua. Kilichopikwa ndicho alichokula, na vidonge vya daktari alivimeza mbele yangu kwa maji. Mapema wiki ya pili niliamka nikakuta mayai kwenye kizingiti cha jikoni, yamewekwa juu ya jani. Ni ya kuku wa mama mkwe. Kuku wake ndio pekee waliotaga mayai ya rangi ile. Nilipokwenda kumshukuru alisema hajui ninazungumzia nini, na kwamba mwanamke anayekula mayai atajijua mwenyewe. Hilo nalo nimeshindwa kulielewa mpaka amekwenda kaburini.

Damu ilipanda. Si sana, alisema daktari, lakini inatosha. Bibi Maendeleo alipanda meli kwenda Mwanza, akakatwa titi, akarudi na upande mmoja bapa, akajaza kitambaa kwenye blauzi na kutuuliza kama matiti yanalingana. Kitambaa kilikuwa kikubwa mno. Tulimwambia yanalingana.

Basi, usiniulize walivyogombea ushindi! Mganga alisema ni majani yake yaliyofanya kazi kimya kimya. Mwalimu mkuu alisema ni ile sukari aliyoiacha kwa muda. Mzee wa kanisa alitoa ushuhuda. Binamu wa Mwanza akaanza kuuza chupa za mwinua ng'ombe. Aliulizwa yeye mwenyewe mbele ya wanawake, na chati ikiwa imetundikwa nyuma yake, akasema tu, "Nilipasuliwa," akaendelea na somo la mboga. Lakini niliona kwamba ule wimbo wetu wa chakula na dawa hakuuanzisha tena. Watoto walipouanza wenyewe aliwaacha waimbe, akiwa amewatazama kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Mara ya mwisho nitakayoieleza ni miaka kadhaa mbele, baada ya vita vya mpakani, wakati maduka yalikuwa na rafu tupu na sukari niliipata kwa kupanga foleni, hata mimi mke wa balozi. Alikuwa amestaafu, anaishi kwenye nyumba ndogo karibu na barabara. Nilikuwa nimempelekea kahawa. Tukiwa tumekaa akaingia mwanamke kijana, mtoto mgongoni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ametoka Ngenge, njia nyingine kwa gari, nyingine kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alisema ana uvimbe kwenye titi. Hospitali wamemwambia akakatwe, lakini amedhoofu, lazima apate nguvu kwanza. Watu wamemwambia pana mama Kanazi alipona. "Nimekuja unifundishe," akasema. "Ulikula nini ukapona?"

"Sasa hivi unakula nini?" Bibi Maendeleo akamuuliza.

"Uji. Mengine wamenikataza."

Bibi Maendeleo alifungua vifungo viwili vya blauzi, akainua mkono wa kushoto. Kwapani palikuwa na uvimbe, kisha mwingine chini yake. Sikuwa nimeambiwa.

"Nani amekuambia nimepona?" akasema. "Kimerudi mwaka huu."

Yule binti alirudi nyuma hatua moja. Machozi yalimlenga. "Basi kula kuna faida gani?"

"Hii miaka ya katikati," akasema Bibi Maendeleo, na akafunga vifungo vyake. "Nimelima, nimefundisha, nimegombana na huyu hapa. Niliipata kwa sababu nilikatwa. Nilikatwa kwa sababu nilikuwa na damu. Damu niliipata kwa sababu nilikula na nikameza vidonge. Na wewe nenda ukakatwe, tena usichelewe. Kule hawampasui mtu aliyekauka."

"Ndiyo, mama. Lakini ulikula nini?"

"Sijui ni kipi kilichosaidia. Nilikula."

"Basi mimi nile nini?"

Bibi Maendeleo alinitazama, nami nikamtazama. Nje lilipita lori. Nilijua hakuna hata mmoja wetu mwenye neno la kumpa yule mtoto wa watu abebe mpaka Ngenge.

"Kuna ndizi jikoni," akasema, "ila zimepoa."

Binti alisubiri tuongeze kitu. Mwishowe alimfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi, akaenda jikoni.